Mjohoro Unapogoma: Dalili, Visababishi na Njia za Kuurekebisha kwa Wakulima wa Malindi na Lamu

Mjohoro, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna siamea na ambao hadi mwaka 1982 walikuwa wakiuweka katika kundi la Cassia, ni mti wa jamii ya kunde wenye asili ya Asia ya kusini na kusini-mashariki, na jina siamea limetokana na Siam, jina la zamani la nchi ya Thailand. Katika pwani yetu mti huu umezoeleka kiasi kwamba wengi huudhani kuwa wa hapa hapa: umepandwa kando ya barabara, katika viwanja vya shule, kwenye mipaka ya mashamba, na kila pale ambapo mtu alitaka kivuli cha haraka au kuni bila kusubiri miaka ishirini. Kwa sababu hukua upesi na kuchipua tena baada ya kukatwa, umepata sifa ya kuwa mti usiohitaji matunzo, na sifa hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ninayoyasikia kitaluni kwangu kutoka kwa wenye mashamba ya Malindi, Magarini, Witu na Mpeketoni.

Kabla ya kuingia katika dalili moja moja, ni vyema nieleze namna ninavyokagua mti ulioharibika. Watu wengi huanza na majani, wakavunja tawi na kulileta kwa muuza dawa, naye akawauzia dawa ya wadudu. Mimi huanza chini: naangalia udongo, kina chake na maji yake, kisha nauliza upepo unatoka upande gani na mti umepandwa umbali gani kutoka kwa mwenzake. Kwa mjohoro, mara nyingi jibu hupatikana hapo, na wadudu huwa wamekuja baadaye tu kumalizia mti uliokwisha kudhoofika.

Hakikisha kwanza kuwa ni mjohoro

Miti yenye maua ya manjano na majani yaliyopangika jozi jozi ni mingi, na baadhi ya yale yanayoitwa matatizo ya mjohoro ni matatizo ya mti mwingine kabisa. Mjohoro wa kweli una vijani vya mviringo-mrefu vyenye ncha butu, na kwenye ncha hiyo kuna kinywele kifupi sana. Maua yake hukaa katika vishada vilivyosimama kwenye ncha za matawi, na maganda yake ni marefu na bapa, yakifikia sentimita 20 au zaidi, huku kingo zake zikiwa nene kidogo. Ikiwa maganda ni ya duara kama penseli na vijani vina ncha iliyochongoka na malaika malaika ukivigusa, huenda mti huo ni Senna spectabilis, ambao asili yake ni Amerika ya kitropiki na ambao una tabia ya kusambaa hovyo na kuvamia ardhi isiyo yake. Huo si wa kutunzwa kwa maelezo haya.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka kitaluni

Mbegu mbichi zilizotoka kwenye maganda yaliyokomaa mwaka huo huo huota bila taabu. Zile zilizokaa ghalani huwa na ganda gumu lisilopitisha maji, na mkulima anayezitia ardhini kavu kavu atasubiri bila kuona kitu. Chemsha maji, uyaepue motoni, uyamimine juu ya mbegu kisha uziache humo hadi maji yapoe na usiku upite. Asubuhi utaona zilizovimba na zile zilizobaki vile vile, na hizi za mwisho unaweza kuzirudia. Kosa la kuepuka ni kuzichemsha mbegu zenyewe juu ya moto, jambo ambalo nimeliona likifanywa na mtu mwenye nia njema kabisa. Mbegu zinazoelea ni tupu au zimetobolewa na wadudu, na hazifai kuhesabiwa.

Mtu asinunue mbegu nyingi bila sababu, kwani kilo moja ina mbegu zipatazo 35,000 hadi 45,000, na hata kitalu kikubwa cha kijiji hakihitaji zaidi ya konzi chache. Mbegu zifukiwe kwa kina cha takriban sentimita moja. Zikizidi hapo katika mchanga wetu mwepesi zitaota kwa shida, na zikiwa juu zaidi kuku watazifukua.

Ikiwa miche imeota vizuri kisha ikaanza kulegea shingoni na kulala chini, mmoja leo na kumi kesho, kisababishi ni kuvu wa udongoni anayestawi palipo na maji mengi, kivuli kizito na msongamano. Punguza kumwagilia, fungua kivuli ili hewa ipite, ondoa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, na usitumie udongo ule ule kwa mbegu nyingine. Samadi isiyooza vizuri huchochea tatizo hili.

Miche inayotiwa kitaluni mnamo Desemba au Januari huwa tayari kupandwa mvua za mwaka zinapoanza Aprili. Inayocheleweshwa humo hadi vuli hutoboa vifuko na kuzungusha mizizi ndani yake, na mizizi iliyojizungusha haitajinyoosha hata ikipandwa mahali pazuri kiasi gani. Miaka minne au mitano baadaye, kusi ikivuma, mti huo utalala chini mzima mzima na mwenye shamba atalaumu upepo.

Majani yamekuwa ya manjano

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote, na pia ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa kuwa umanjano una visababishi angalau vitatu na kila kimoja kina tiba inayoweza kukizidisha kingine. Swali la kwanza ni hili: umanjano ulianza kwenye majani gani?

Ukianza kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ya jani ikabaki kijani huku nyama ya jani ikigeuka manjano, mti unakosa chuma. Udongo wa pwani una chuma cha kutosha mara nyingi, lakini pale ambapo udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe, au ambapo mtu amejaza kiwanja kwa kifusi cha chokaa kutoka nyumba iliyobomolewa, chokaa hukifunga chuma hicho na mizizi haiwezi kukichukua. Mjohoro hupenda udongo wenye kipimo cha uchachu (pH) kati ya 5.5 na 7.5, na ardhi ya chokaa hupita hapo. Kipimo cha haraka kisichohitaji maabara ni siki: chukua konzi ya udongo mkavu, uidondoshee siki, na ikichemka na kutoa povu, ujue chokaa ni nyingi. Tiba ya kuaminika ni kutopanda mjohoro hapo. Kwa mti uliokwisha kupandwa, chimba pembezoni mwa kivuli chake mashimo kadhaa, uyajaze mboji na samadi iliyooza, na uendelee kuweka matandazo kila mwaka. Mbolea ya chumvichumvi inayotupwa juu ya chokaa ni fedha iliyotupwa.

Umanjano ukianza kwenye majani ya zamani ya chini na kupanda juu pole pole, huku mti ukionekana mzima lakini umedumaa, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Wakulima wengi hushangaa kuambiwa hivyo, na mshangao wao ninauelewa, kwa hiyo jambo hili nitalirudia katika dalili inayofuata.

Ukitokea kwa majani yote kwa wakati mmoja, na majani yakalegea ilhali udongo umelowa, mizizi inakosa hewa. Mjohoro hauvumilii maji yaliyotuama. Katika bonde la chini la mto Sabaki, ambako udongo ni mfinyanzi mweusi na mafuriko hukaa siku nyingi, nimeona safu nzima za mijohoro zikipukutisha majani mwezi Juni na kufa ifikapo Agosti, huku miembe iliyokuwa hatua chache juu yake kwenye tuta ikiwa haina neno. Chimba shimo la nusu mita karibu na mti siku mbili baada ya mvua kukatika. Maji yakiwa bado yamesimama humo, chimba mtaro wa kuyatoa au uhamishe mpango wako wa miti kwenye sehemu iliyoinuka. Kumwagilia mti huo kwa kudhani kuwa una kiu, kwa sababu umelegea, ni kuuzamisha kabisa.

Katika sehemu kavu za bara ya Magarini mti unaweza kugeuka manjano na kupukutisha majani mwishoni mwa kaskazi, mnamo Februari na Machi, kwa ukame wa kawaida, na ukarudi kijani mvua zikinyesha. Huo usiutibu. Mjohoro huridhika na mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo ndiyo kadiri ya Malindi, na huweza kuishi na nusu yake ikiwa mizizi imefikia unyevu wa chini, ila hautakua kwa kasi uliyoahidiwa.

Mahindi yaliyo karibu na mijohoro yamedumaa

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikianza kilimo, mshauri mmoja alinieleza kuwa miti ya jamii ya kunde hulisha udongo kwa naitrojeni, kwa hiyo nikapanda mijohoro arubaini kwa umbali wa mita mbili kuzunguka konde langu la mahindi. Msimu wa kwanza haukuwa na tatizo. Msimu wa tatu, mistari minne ya mahindi iliyokuwa karibu na miti ilifika kiunoni na kugoma, majani yake yakiwa manjano kama yaliyoachwa juani, ilhali katikati ya konde mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Nilifikiri ni ugonjwa, nikanyunyizia dawa, na dawa haikusaidia kwa sababu hapakuwa na ugonjwa.

Ukweli ni kwamba mjohoro ni wa jamii ya kunde kwa ukoo tu. Mizizi yake haitengenezi vile vinundu ambamo bakteria hubadilisha naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, kama ilivyo kwa kunde na mbaazi, au kwa miti ya lusina na gliricidia. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: fukua mizizi ya mbaazi kwa uangalifu utaona vidonge vidogo vya waridi ndani ukivipasua; fukua ya mjohoro hutaviona kamwe. Kwa hiyo mjohoro unachukua naitrojeni ardhini kama mhindi unavyoichukua, na kwa kuwa ni mti, unachukua nyingi zaidi. Kwa upande mwingine mvinje, ambao si wa jamii ya kunde hata kidogo na ambao wakulima wa Malindi wanaupanda kwa ajili ya nguzo, hushirikiana na vijidudu vya aina nyingine mizizini na kujipatia naitrojeni ya hewani. Jina la ukoo, basi, si cheti cha kazi.

Jambo la pili ni mizizi yenyewe. Mjohoro una mizizi michache minene inayoshuka chini sana, pamoja na mkeka wa vimizizi vyembamba ulioenea katika sentimita 10 hadi 20 za juu, pale pale ambapo mahindi yanatafuta riziki yake. Mkeka huo unaweza kufika mita saba kutoka kwenye shina katika mwaka wa kwanza, na hatimaye hata mita kumi na tano. Majaribio ya kupanda mahindi baina ya safu za mjohoro yaliyofanyika Machakos, ambako mvua si nyingi, yalionyesha kuwa ushindani huu wa maji na virutubisho ni mkubwa. Sehemu kavu za Kaunti ya Kilifi na bara ya Lamu zinafanana na hali hiyo kuliko zinavyofanana na mashamba ya mvua nyingi ambako ushauri wa kupanda miti kati ya mazao ulianza kusifiwa.

Jambo la tatu ni kivuli, na hili ndilo rahisi kulitambua: mahindi ya upande wa magharibi wa miti yakidumaa zaidi kuliko ya mashariki, ni jua la asubuhi linalozuiwa. Yakidumaa sawa sawa pande zote mbili, tatizo liko chini ya ardhi.

Kwa shamba lililokwisha kupandwa, kuna njia mbili zinazofaa kutumiwa pamoja. Ya kwanza ni kuikata miti kichwa kwa urefu wa mita moja na nusu hivi kabla ya mvua za mwaka, mwishoni mwa Machi, ili mahindi yapate jua na mizizi ipunguze njaa wakati ambapo mazao yanaihitaji ardhi zaidi. Ya pili ni kuchimba mtaro wa kina cha nusu mita, umbali wa mita moja kutoka kwenye safu ya miti upande wa mazao, na kukata kila mzizi unaopita. Mtaro huo hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa mizizi hurudi. Usichimbe pande zote mbili, la sivyo mti hautakuwa na cha kushikia upepo ukija. Majani yaliyokatwa usiyachome: yatandaze juu ya ardhi, maana huoza polepole kuliko ya lusina, na kwa sababu hiyo hiyo huzuia magugu na kuhifadhi unyevu kwa muda mrefu zaidi. Naitrojeni iliyomo ndani yake ilitoka kwenye udongo wako mwenyewe, unaurudishia tu.

Kwa shamba jipya, ushauri wangu ni kuipa mijohoro kipande chake cha kuni, peke yake, au kuipanda mpakani ambako kuna njia ya gari baina yake na mazao. Ukitaka mti wa kuchanganya na mahindi, tafuta gliricidia.

Upande wa bahari umeungua

Majani ya upande mmoja wa mti yanakauka kuanzia kingoni, yanakuwa ya hudhurungi kama karatasi iliyopitishwa motoni, na matawi ya upande huo yanabaki makavu huku upande wa pili ukinawiri. Tazama mti unaelekea wapi. Ukielekea baharini, umechomwa na chumvi inayobebwa na upepo, hasa wakati wa kusi kali ya Juni hadi Agosti, na hakuna dawa ya kunyunyizia. Mjohoro si mti wa mstari wa mbele ufukweni. Mbele panda mvinje, ambao unastahimili chumvi, na mijohoro iwe nyuma ya kinga hiyo.

Kwa wenye viwanja Shela na maeneo mengine ya kisiwa cha Lamu naongeza neno moja. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mvua ambayo mji wa Lamu unayategemea visimani. Kuvipanda miti yenye mizizi mirefu na kiu kubwa kwa ajili ya kuni ni kuyanywa maji ya mji mzima, hata kama mijohoro itakubali kuota pale.

Majani yameliwa, au yamefunikwa na masizi

Viwavi vya kijani vinavyokula majani machanga hadi kubaki vijiti ni watoto wa vipepeo weupe na wa manjano hafifu mnaowaona wakipita makundi makundi baada ya mvua. Hupenda miti ya aina hii kuliko mingine. Mti mkubwa hurudisha majani yake katika wiki chache, na sioni sababu ya kupoteza dawa juu yake. Kitaluni ni habari nyingine: miche midogo ikiliwa mara mbili mfululizo hufa, kwa hiyo pita asubuhi uviokote kwa mkono na uangalie chini ya majani kuna mayai.

Masizi meusi juu ya majani si ugonjwa wa jani. Yafute kwa kidole na utaona jani zima chini yake. Ni kuvu anayeota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu gamba walioganda kwenye vijitawi, na mara nyingi sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ndio watakaokuonyesha walipo. Kata matawi yaliyojaa wadudu hao, na kwa miti midogo sugua kwa maji ya sabuni.

Mchwa hushambulia miche iliyopandwa karibuni, hasa iliyopandwa kwa kuchelewa na kukosa maji. Mche uliopandwa mapema katika mvua ukiwa na mizizi mizima huwashinda. Usirundike nyasi kavu kugusa shina, kwani hiyo ni kuwaandalia mezani.

Mti mmoja hukauka, kisha wa jirani, kisha wa tatu

Vifo vinavyofuatana kwenye safu, mti baada ya mti, vikichukua miezi au hata miaka, vinaashiria kuvu wa mizizi. Angalia chini ya shina kama kuna uyoga mgumu uliotokeza mfano wa rafu, wa rangi ya hudhurungi nyekundu inayong'aa kama uliopakwa vanishi, na upande wa chini mweupe. Huyo ni Ganoderma, na husafiri kutoka mti hadi mti pale mizizi inapogusana. Mti uliofikia hatua hiyo hauponi. Ung'oe pamoja na kisiki na mizizi minene, uichome hapo hapo, na uchimbe mtaro kati ya shimo hilo na mti ulio mzima unaofuata. Mahali hapo usipande mjohoro mwingine kwa miaka kadhaa. Uyoga ukiwa umeota kwenye kisiki kilichokauka zamani tu, bila mti mzima kuathirika, chukua tahadhari ile ile kabla haujafika kwa jirani.

Wenye kuhitaji uthibitisho wa maabara wanaweza kupeleka kipande cha mzizi katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, kilichoko Gede, ambacho kiko karibu na wakulima wa Malindi kuliko wanavyofikiri.

Mnyama au mtu amedhurika

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hula majani ya mjohoro, ingawa si chakula wanachokikimbilia. Nguruwe hawayawezi: kemikali zilizomo katika majani, maua na maganda ni sumu kwa wanyama wasiocheua, na wafugaji wachache wa nguruwe walioko bara wazuie wanyama wao wasiingie chini ya miti hii. Punda naye hacheui, na ingawa wapo wanaomtupia chochote kijani, mimi singempa punda wa Lamu tawi la mjohoro.

Kuhusu binadamu, ni kweli kwamba Thailand majani machanga na maua yake hupikwa kwa tui la nazi, na hilo huwavutia sana Waswahili wanaolisikia. Lakini Wathai huyachemsha na kuyamwaga maji kabla ya kupika, nayo hatua hiyo si ya kuondoa uchungu pekee. Huko huko Thailand madaktari waliripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kumeza vidonge vya majani makavu ya mti huu kwa ajili ya kupata usingizi. Kwa hiyo mtu anayekunywa maji ya majani ya mjohoro kama dawa ya tumbo au ya kukosa usingizi, kisha akaona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi, aache mara moja na aende hospitali, na amweleze daktari alichokunywa.

Kisiki hakichipui, au kimechipua vichaka

Mjohoro ni hodari wa kuchipua, kwa hiyo kisiki kinyamavu kina sababu. Kilikatwa katikati ya kaskazi kikakauka kabla ya mvua. Au panga butu lilichana ganda hadi chini. Au mbuzi walikula machipukizi kila yalipotokeza. Kata mwanzoni mwa mvua, kwa msumeno au shoka kali, na sehemu iliyokatwa iinamishwe kidogo ili maji yateremke. Mbuzi wakiwa wengi, kata kwa urefu wa mita moja na nusu badala ya karibu na ardhi.

Kisiki kilichotoa machipukizi thelathini hakitakupa boriti hata moja. Baada ya miezi sita hivi acha mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyo pande tofauti za kisiki, ondoa mengine. Wanaotaka kuni waache zaidi. Shamba la kuni hukatwa kila miaka mitano hadi saba, na hakuna faida ya kusubiri zaidi ya hapo.

Kuni zinatoa moshi mwingi

Hapa hakuna kosa la mkulima. Kuni za mjohoro zina joto kali lakini moshi ni tabia yake, na wapishi wa ndani ya nyumba hawazipendi. Zikipasuliwa na kukaushwa chini ya paa kwa miezi mitatu au zaidi moshi hupungua, ila hauishi. Zifae jiko la nje, matanuu ya chokaa na kuchoma mkaa, ambako mjohoro hutoa mkaa mzito wa hali ya juu. Anayeuza mkaa akumbuke kuwa kuusafirisha kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, hata kama mti ulitoka shambani kwake.

Mbao zimetobolewa, zimepasuka, au fundi anakohoa

Mti wa mjohoro ukikatwa huonyesha rangi mbili zilizo wazi: weupe wa nje, na moyo wa hudhurungi iliyokolea unaokaribia weusi, wenye michirizi myepesi inayopendeza ikirandwa. Moyo huo ni mzito, wa kilo 600 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, na mchwa hawaupendi. Weupe wa nje hauna ulinzi huo. Nguzo iliyotobolewa na bungua kwenye kingo huku kati yake pakiwa pazima haikuuzwa vibaya. Ilikatwa changa, ikiwa na weupe mwingi kuliko moyo. Kwa nguzo ya kuchimbiwa ardhini chagua mti wenye umri, au chonga weupe uutoe.

Mbao zinazopasuka ncha zimekaushwa juani. Zipange kivulini na vipande vya kutenganisha kati yake, paka ncha rangi au utope wa udongo, na uwe na subira. Msumari hupasua mbao hii ikishakauka, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee. Msumeno na randa huisha makali haraka, na ndiyo sababu mafundi wengine hutaka malipo zaidi kwa kazi ya mjohoro; wanastahili.

Fundi anayepiga chafya mfululizo, macho yakimwasha na koo likimkauka baada ya kuranda, hana mafua. Ndani ya vinyweleo vya mbao hii mna unga wa manjano unaokera pua, koo na macho. Afungue karakana ipitishe hewa, afunge pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowekwa maji kidogo au barakoa, na anapomaliza alowanishe vumbi kabla ya kulifagia.